Wanataka Niondoke Ndipo Wambatize Bibi

Admin, ficha jina langu na la kijiji, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina watoto watatu, naishi upande wa Butiama. Nilizaliwa Buswahili.

Niliolewa nyumba ntobhu. Kwa msiojua, huku Mara bibi asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi shamba lake. Hatulali pamoja, msianze maneno yenu kwenye komenti. Mwanaume wa kuzaa naye nilimchagua mwenyewe, na hana lake kwa watoto. Bibi alinioa nikiwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuninyanyulia mkono. Dada zangu wawili waliolewa na wanaume, na hawawezi kusema hivyo.

Msidhani naichukia dini. Miaka sita iliyopita mtoto wa shemeji yake Bibi alikuja na panga kutaka kutunyang'anya shamba letu, eti wanawake wawili hawana haki ya ardhi ya ukoo. Katekista wa wakati ule, mzee wa hapa hapa aliyejua mila zetu, alikuja na akina mama wa jumuiya wakakaa katikati ya mihogo kuanzia asubuhi. Walisali, wakaimba, wakamletea uji huyo mwenye panga. Mchana akaliweka chini na kulia. Tangu siku hiyo mimi nikarudi kusali, na yeye pia akaanza kusali. Leo ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu.

Yule mzee alifariki, tukaletewa katekista kijana kutoka Kigera, Musoma mjini. Nilipompeleka mtoto wangu wa mwisho kuandikishwa ubatizo nilipewa fomu, na kwenye nafasi ya baba nikaandika jina la Bibi. Sikuwa na ujanja wowote, hata shuleni watoto wanatumia jina hilo. Akasoma, akacheka, akaniuliza, "Huyu ni mwanaume?" Nikamjibu, "Hapana mwalimu, ni bibi aliyenioa." Kicheko kikaisha hapo hapo. Mtoto hakubatizwa, na mimi nikaambiwa nisisogelee komunyo.

Hilo nililimeza. Lakini mwaka huu Bibi amepooza upande mmoja. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninamwogesha, ninamlisha. Siku moja namkanda mguu akaniambia, "Mwanangu, nataka kubatizwa." Nilishangaa, maana hakuwahi kuingia kanisani. Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Nilikuwaga nawasikia wanamwimbia mtu mpaka kaburini. Mimi nitafukiwa kimya kama mbuzi?"

Nikamwita katekista kwa furaha kabisa. Akaja na Mwenyekiti, wakakaa kwenye viti nilivyowafutia mwenyewe. Akasema Bibi atabatizwa, lakini kwanza aniache mbele ya jumuiya nzima, na mimi nibebe watoto nirudi Buswahili. Nikamuuliza, "Nani atamgeuza?" Akasema jumuiya itapanga zamu. Jumuiya hii hii inakuja kila Jumatano kuombea amani ya familia yetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika ndoo.

Nilipomsindikiza katekista akashusha sauti. "Hata mwezi mmoja tu, mama. Abatizwe, watu waone, halafu huko mbele mtajua wenyewe."

Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka nakosa hamu ya kula. Watu waone. Kumbe dhambi yangu haimsumbui Mungu, inawasumbua majirani, na dawa yake ni mwezi mmoja wa kudanganya.

Na Mwenyekiti pale pembeni alikuwa anatabasamu, kwa sababu anajua asichokijua huyu kijana wa mjini. Kwa mila yetu, mke wa nyumba ntobhu akiachwa mbele ya mashahidi akaondoka na watoto, ile nyumba imekwisha. Shamba linarudi kwa ukoo, yaani kwake. Alilolikosa kwa panga atalipata kwa rozari mkononi. Nilimweleza katekista yote haya. Akanijibu, "Mambo ya mashamba mimi siyaingilii, mama. Mimi natafuta amani." Amani ya nani? Watoto wangu watatu wakikosa pa kulima, hiyo nayo mtaiita amani?

Najua mtasema nimwone padri. Padri hufika huku mara moja kwa mwezi, na anayepanga nani amwone ni katekista. Nimeomba mara mbili, naambiwa ratiba imejaa. Kumwacha Bibi siku nzima niende kumtafuta siwezi.

Jana Bibi aliniita akasema, "Usiondoke. Acha nifukiwe kimya." Kisha akageukia ukutani. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mwanamke huyu alinipa kwangu nilipokuwa sina kwangu. Anaomba wimbo tu, na wenye nyimbo wanauwekea masharti.

Mwanangu mkubwa, wa darasa la tano, amesikia yote. Ameniuliza, "Mama, kwani sisi ndio dhambi ya Bibi?"

Ndugu zangu, nimefika mwisho wa akili yangu. Nikiondoka, wanangu wanapoteza kwao. Nikibaki, Bibi anakufa bila kitu pekee alichowahi kuniomba. Jumatano wanakuja tena, Mwenyekiti akiwa mbele, kusimama kando ya kitanda chake na kusali sala ya amani. Nishaurini nyie mlio mbali na hasira hii: niwafungulie mlango, au niufunge nimwimbie mwenyewe?