Jogoo wa mayai ya chocolate alivyonigombanisha na mama mkwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, nyinyi wa mabanda makubwa na sisi wa kuku watano.

Mimi huwa nasoma tu hapa, sichangii. Leo naandika kwa sababu nimechoka kubeba hii kitu peke yangu. Sitaongeza chumvi. Ningetaka kuongeza, ningejifanya mzuri, na kwa hii story mimi si mzuri.

Niko upande wa Mbooni, kule juu ambako boda ikikupandisha lazima ushuke njiani usukume. Mume wangu ni fundi wa mawe Kitui, anarudi mwisho wa mwezi. Tuna mtoto mmoja, Mwende, wa miezi mitano. Ana jina la mama ya mume wangu, vile desturi yetu inataka. Huyo mama sisi wote hapa nyumbani tunamuita Susu, yaani nyanya.

Nyumba yake na yangu zinatazamana. Katikati ni banda la kuku.

Sasa kuku wenyewe.

Kabla sijabeba mimba nilinunua vifaranga kwa mzee mmoja wa Sultan Hamud. Ni ile breed nyeusi yenye manyoya mpaka kwa miguu, ile inataga mayai ya dark brown, rangi ya chocolate kabisa. Walikua sita: matetea watano na jogoo mmoja.

Yule mzee aliniambia mambo mawili. "Mama, rangi ya yai haitoki kwa tetea peke yake, jogoo pia anaibeba. Na lile yai jeusi kushinda yote usiuze. Hilo ndilo la kulaliwa."

La kwanza nilishika. La pili nilisema ndiyo, ndiyo, halafu nikafanya vile nilitaka. Mayai meusi zaidi niliyapeleka soko ya Mukuyuni, kwa sababu ndiyo yalikuwa yanasimamisha watu.

Na walikuwa wanasimama! "Mama, umepaka rangi ya viatu?" Siku moja mwanamke alilamba kidole, akasugua yai, kidole kikatoka na kahawia. Akapiga kelele, "Njooni muone, amepaka!" Ilibidi nivunje moja mbele yake aone ndani ni yai kama yai. Kwa wasiojua, rangi ya hawa kuku iko juu ya ganda, ukilowesha yai la leo ukisugua, inatoka kidogo. Hiyo ni bure, chukueni.

Plan yangu ilikuwa hivi: mtoto akishika shingo vizuri, niangulishe vifaranga wengi, niwe mtu wa kutafutwa Makueni yote. Lakini hawa kuku wangu hawapendi kulalia. Nilihitaji kienyeji wa kulalia, na mwenye kienyeji wazuri ni Susu.

Sikumuomba. Kiburi tu. Nilikuwa naona ataanza kuniambia vile kuku hufugwa.

Halafu mayai yakaanza kupotea. Leo moja, kesho kutwa lingine, na kila mara ni lile jeusi zaidi. Nikasema ni nguchiro. Nikaziba banda na miiba, nikajidunga mkono mzima. Saa hii nikifikiria najicheka kwa uchungu. Nguchiro gani anachagua rangi?

Wiki moja hivi baada ya mayai kuacha kupotea, nilipeleka Mwende kliniki kudungwa. Kurudi, napata wamama wa kanisa wamejaa kwa Susu. Wamekuja kuona mtoto. Nyimbo, leso mpya, sukari, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono.

Na sahani zimejaa nyama ya kuku.

Nilitupa macho nje. Kwa shimo la majivu kulikuwa na manyoya meusi, na miguu miwili yenye manyoya mpaka kwa vidole.

Wakuu, nilikaa. Nilikula. Mama mmoja alinipakulia paja, akaniambia, "Kula, unanyonyesha." Ningefanya nini mbele ya wageni? Nilimeza jogoo wangu na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, nikitabasamu kama mjinga.

Wageni wakaenda. Nikamfuata Susu akiosha vyombo.

"Susu, jogoo wangu ako wapi?"

"Si umemla?" Akacheka. Alidhani tunafanya mzaha.

"Huyo alikuwa wa mbegu! Alikuwa mmoja tu!"

"Wageni wa mtoto hawapewi sukuma wiki, Mama Mwende. Na jogoo hatagi. Tulia, utaona."

Ilikuwa hiyo "tulia" ndiyo ilinimaliza. Nikamwambia, na ninaandika vile nilisema bila kupunguza:

"Ningejua uko hivi, singempa mtoto wangu hilo jina lako."

Susu alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini polepole. Akasema "sawa," akaingia ndani.

Kwetu hicho kitu hakisemwi. Unaweza kugombana na mama mkwe juu ya maji, kuni, mipaka, kila kitu. Jina ukishampa mtu huwezi kumwambia unajuta. Ni kama kumwambia hakupaswa kuzaliwa tena kwa huyo mtoto.

Nilipigia mume wangu simu nikitaka anitetee. Akaniambia, "Jogoo ni jogoo, nitakuletea mwingine Kitui." Mwingine wa wapi? Wa mbegu ya mayai meupe kama karatasi? Nikamkatia.

Kutoka siku hiyo Susu hakuvuka uwanja. Kila asubuhi alikuwa anasimama kwa mlango wangu akiita, "Mwende mwenzangu, umeamka?" na mtoto anaanza kurusha miguu akisikia hiyo sauti. Ikaisha. Mtoto alikuwa anaangalia mlango.

Na mimi, hasira bado. Nilichukua kila yai lililotagwa siku hizo, jeusi na lisilo jeusi, nikauzia hoteli moja hapa. Nilisema jogoo hayuko, mayai ni ya nini tena. Shikeni hapo, nitarudi.

Siku kumi zikapita. Susu ako shamba. Nikaingia jikoni kwake kuchukua ungo wangu, mtoto nimembeba mgongoni.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kikapu cha zamani, kimetandikwa maganda ya mahindi. Ndani mayai tisa. Meusi! Wakuu, nikiwa na matetea wangu wote sijawahi kuyaona meusi yote pamoja hivyo. Yalikuwa yamepangwa kama mtu ameyachagua moja moja.

Kumbe nguchiro ni Susu. Ameniibia mayai, halafu akachinja jogoo. Hivyo ndivyo nilisema, kwa sauti, peke yangu.

Yalikuwa na joto. Nikasema ni jiko. Kulikuwa na kuku mwekundu hapo mlangoni amefura, ananililia akinizunguka miguu. Nilimpiga teke.

Niliyabeba kwa leso mpaka kwangu, nikayatia yote tisa kwa sufuria. Sikuwa na njaa. Nilitaka akirudi apate maganda.

Maji yakachemka, yakageuka rangi kidogo. Nikaepua, nikamenya la kwanza.

Kilikuwa kifaranga. Kina mdomo, kina kucha, na kale kamanyoya keusi kwa miguu, kama ya baba yake. Nikavunja la pili. Nikavunja la tatu nikiomba Mungu liwe yai tu. Mwende huko mgongoni anacheka, anacheza na nywele zangu.

Sita yaliyobaki sikuweza.

Susu alinipata nimekaa chini hapo hapo. Sikuwa na nguvu ya kuficha. Aliangalia sufuria, halafu akasema kama anajiambia mwenyewe, "Zilikuwa zimebaki siku nne."

Nikamuuliza, bado na hiyo sauti yangu mbaya, "Kwa nini hukuniambia?"

"Kuku akilalia hatangazwi. Unangoja usikie sauti ya vifaranga." Akaketi kwa kizingiti. "Niliona unauza mayai mazuri, unabakisha mabaya. Nikasema niweke yale mazuri kando, Mwende aanze na kuku wake mwenyewe, apewe na mwenye jina. Ndiyo nikachinja jogoo bila wasiwasi. Kazi yake alikuwa amemaliza."

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

Yule kuku mwekundu alirudi akalalia kikapu kitupu. Siku tatu. Susu alikuwa anamwekea maji na hamwondoi.

Sasa mjue nilivyo mjinga mara mbili. Nilipigia mzee wa Sultan Hamud nimuulize kama ana jogoo. Hana, alishaacha hiyo breed. Akaniuliza, "Lakini baada ya jogoo kuchinjwa uliweka mayai?" Nikamwambia hapana, si jogoo hakuwepo. Akasema, "Mama, tetea anakaa na mbegu ya jogoo ndani wiki nzima, hata zaidi. Hayo mayai yalikuwa fertile."

Ni yale niliuzia hoteli. Watu walikula na chapati.

Juzi nilimwendea Susu kuomba msamaha. Sukari, majani ya chai, na mtoto. Nikapiga magoti, nikasema yote, mpaka lile neno la jina. Akapokea sukari. Akapokea mtoto pia, akamweka mapajani, akamtazama vizuri, akaniuliza:

"Na huyu anaitwa nani?"

Nikasema, "Anaitwa Mwende, Susu."

"Haya," akasema. Akanirudishia mtoto akaenda kufungia mbuzi.

Wale mnakuja kuandika hapa "mama mkwe ni adui," pitieni mbali. Huyu alikuwa ananifugia kuku wangu vizuri kuliko mimi. Kitu nimejifunza ni kuuliza kabla ya kufungua mdomo, na kabla ya kuwasha jiko. Ningemuomba kuku wa kulalia siku ya kwanza, saa hii uwanja ungekuwa mweusi wa vifaranga.

Mwenye ana jogoo wa hii breed, Makueni, Kitui, hata Machakos, aniandikie hapa chini. Nitakuja mwenyewe na mtoto mgongoni. Na kama kuna mtu aliwahi kutamka neno kama langu na akasamehewa, aniambie alifanya nini, na ilichukua muda gani.

Kwa sababu wale matetea watano hawajui kitu. Asubuhi ya leo nimeokota mayai manne, meusi, yanang'aa, mazuri ajabu.

Na ndani hakuna mtu.