Tangazo la Baba Lililokataa Kucheza

Baba alipofariki, tulishindwa kumpata mtu mmoja tu: shangazi, dada yake wa pekee, aliyeolewa ndani kabisa huko Kambu. Simu yake ilikuwa imeharibika. Lakini redio alikuwa nayo, na matangazo ya vifo ya saa saba hakuyakosa hata siku moja. Yakiisha anazima, betri zisiishe. Basi ukoo mzima ukanigeukia: "Si wewe ndiye fundi wa stesheni? Hiyo ni kazi yako." Mazishi yalikuwa kesho yake.

Nilimrekodi mama nyumbani Mbooni, akitangaza mwenyewe kifo cha baba kwa Kikamba. Nilipofika stesheni nikaiweka faili kwenye folda yangu, kisha nikaihamishia kwenye folda ya matangazo. Kompyuta yenyewe inatumia mfumo wa Linux. Saa saba ikafika, nikabonyeza. Kioo kikaandika: Ruhusa imekataliwa.

Nikabadilisha mwenye faili. Ikakataa. Nikafungua ruhusa zote, kila mtu asome, aandike, afanye atakavyo. Ikakataa! Mtangazaji, mama mtu mzima, alikuwa ameshaanza kusoma vifo vya wengine. Kati ya tangazo na tangazo akaninyooshea karatasi. "Niandikie hapa, nisome tu."

"Dakika mbili," nikamwambia.

Jamani, kiburi! Nilitaka shangazi asikie sauti ya mama, na niseme ukweli, nilitaka kuishinda ile mashine. Mtangazaji aliponiuliza tena, nikamfokea: "Ngoja, mama, ngoja!"

Nilipata jibu wimbo wa kufunga matangazo ukicheza. Kompyuta ile ina ulinzi wa pili, usiojali ruhusa nilizofungua. Wenyewe unaangalia lebo ya faili, alama iliyofichika inayosema faili ni ya wapi, na kwa kuwa niliihamisha badala ya kuinakili, faili ilibaki na lebo ya folda yangu. Niliandika amri moja fupi ya kurekebisha lebo, faili ikacheza, mama yangu akaongea. Mtangazaji akamweka hewani papo hapo. Nilimsikiliza nikilia, kwa sababu nilijua Kambu redio imeshazimwa.

Tukazika bila yeye. Shangazi alifika siku ya nne, baada ya kuambiwa na watu sokoni. Hakunigombeza. Alikaa chini kando ya kaburi, leso begani, akaushika udongo.

"Nilisikiliza mpaka wimbo," akasema. "Walisoma wafu wa watu wote. Wewe siku hiyo ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa, shangazi."