Betri ya Jenoveva na Nailoni Yake

Ukitaka kumwudhi Jenoveva, bandua nailoni kwenye kitu chake kipya. Utafukuzwa dukani hata kama wewe ndiye mteja wa kwanza.

Alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Same mjini, karibu na stendi. Kalkuleta iko ndani ya nailoni. Rimoti iko ndani ya nailoni. Kiti cha wateja kimeshachakaa miguu, lakini ukikikalia bado kinalia kwachakwacha, kwa sababu nailoni ya dukani haijatoka. Usimcheke haraka. Amekulia enzi za rafu tupu, mtu anapanga foleni ya sabuni anarudi na kiberiti, tena akibahatika. Halafu milango ikafunguliwa, bidhaa zikamwagika mpaka vichochoroni, naye akaapa: kipya kikiingia mikononi mwangu kitabaki kipya.

Sasa, Jumamosi moja ya mwaka 2002, kiapo hicho kikamgeukia.

Laptop yake aliinunua mtumba, na betri iliyokuja nayo ilikuwa maiti. Chomoa waya, kioo giza. Akaagiza betri mpya Arusha, ikaja kwenye boksi lake, safi kabisa. Akaipachika. Iligoma kidogo, akaisukuma, ikaingia. Akachomeka chaja, akakodolea macho taa ndogo ya njano inayoonyesha inachaji.

Taa wapi!

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwaya ya kanisani kwao Bombo, huko juu milimani, ilikuwa imerekodi video, na CD imeshatoka. Mama yake mzazi, mama Justa, yumo mstari wa mbele. Wanakwaya wenzake wote walishashuka mjini wakajiona kwenye tivii, wakarudi wanatamba. Yeye mguu umemgomea, hashuki tena mlimani, na nyumbani kwake umeme haujafika. Jenoveva alishamwahidi: Jumamosi nakuletea, utajiona ukiwa umekaa kitandani kwako. Gari la Bombo linaondoka mchana. Bila betri, laptop ni sinia tu.

Basi akaanza kusaka. Tatizo ni soketi? Akachomeka pasi palepale, pasi ikapata moto. Soketi nzima. Chaja? Akatoa betri kabisa, akawasha laptop kwa waya mtupu, ikawaka. Chaja nzima. Moyo ukaanza kumdunda kama anamfukuza mwizi na tayari amemwona kisogo. Akarudisha ile betri maiti.

Taa ya njano hiyo!

"Vitus! Njoo uone maajabu!"

Vitus, fundi redio wa kibanda cha pili, akaja mbio, bisibisi sikioni.

"Betri mbovu inachaji, mpya haichaji," Jenoveva akamwambia.

"Dada Jeno, pole. Umeuziwa tofali."

"Tofali lenye lebo?"

"Hata sabuni ina lebo. Lete niipasue tuone."

"Ukiigusa na hiyo bisibisi nakuvunja mkono. Tulia, tuziangalie kwanza."

Akazilaza betri mbili mezani, moja pembeni ya mwenzake, akainama. Ile kuukuu meno yake ya shaba, yale ya kupitishia umeme, yalikuwa yanang'aa. Ya mpya yalikuwa na ukungu. Akapitisha ukucha. Ukucha ukateleza.

Nailoni.

Kipande chembamba, kimebandikwa juu ya meno yote. Na alikuwa amekiona! Asubuhi, wakati anafungua boksi, ncha yake ilikuwa imeinuka, akaikandamiza kwa kidole gumba isije ikabanduka.

Vitus alicheka mpaka akashikilia mashine ya fotokopi. "Umeivalisha koti la mvua!"

"Ni ulinzi ule."

"Ulinzi gani? Mtoto ana njaa na wewe umemziba mdomo!"

"Ikitoka hairudi, Vitus."

"Anayekusubiri Bombo ni mama yako au ni nailoni?"

Jenoveva akafumba macho, akavuta. Chwaaa! Betri ikaingia yenyewe, bila kusukumwa, na taa ya njano ikawaka. Alipiga kelele hizo, abiria stendi wakageuka wakidhani kuna mtu kagongwa. Akamkumbatia Vitus na bisibisi yake.

Kabla hajakaa, honi. Paskali, dereva wa pikapu ya Bombo, kachungulia mlangoni.

"Jeno, twende, gari limejaa."

Betri ndiyo kwanza imeonja umeme.

"Kaka Paskali, umekula?"

"Nitakula huko huko."

"Makande yapo. Ya moto."

Paskali akatazama gari, akatazama sufuria, akakaa. Alipomaliza akaongezwa. Alipomaliza tena akaongezwa tena.

"Unaninenepesha unichinje?"

"Kula, kaka. Safari ni ndefu," Jenoveva akasema, jicho kwenye taa.

Mlima wote alipanda ameikumbatia laptop kama kichanga. Alipofika, chumba kilikuwa kimejaa majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta?"

"Nimeleta!" Akawasha. Kioo kikaangaza, watu wakapiga makofi.

"Zima kwanza," mama Justa akasema. "Sijitazami nikiwa hivi."

"Mama, betri inakwisha!"

"Vuta hilo sanduku chini ya kitanda."

Ndani kulikuwa na kitenge alicholetewa na Jenoveva huyuhuyu, Krismasi ya zamani. Bado kimo kwenye nailoni yake. Mtu na mama yake!

"Toa," mama akaamuru. Jenoveva akaichana kwa meno, hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Kwaya ikaanza. Mama Justa, kitenge kinang'aa, akasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

"Huyu anayefungua mdomo mpaka magego yanaonekana ni mimi?"

"Ni wewe, mama!"

"Nimependeza. Ila Eliakunda, mbona umenizibia bega?"

"Nilikuwa nakukinga jua!" Eliakunda, mwanakwaya mwenzake, akajibu kutoka mlangoni, chumba kikapasuka kwa kicheko.

"Rudisha mwanzo."

Jenoveva akarudisha. Wimbo ukafika mwisho. "Rudisha tena." Mara hii laptop ikalia piii, na katikati ya ubeti kioo kikazimika. Jenoveva akashika kichwa.

"Acha kuhangaika, nimeshajiona," mama Justa akasema, akaumalizia ubeti mwenyewe, magego yote nje.