Nilikubali Mianzi ya Mama Ikatwe Ili Nipate Video

Jamani, msinipe pole. Kosa hili sikulifanya kwa ulevi wala kwa kudanganywa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu.

Mimi ni dada mtu mzima, naishi Mbeya. Natengeneza video za sanaa, zile za kuvunjavunja picha. Nachukua video ya mto au msitu, nalichokonoa faili lake kwenye laptop mpaka rangi zinamwagika na majani yanageuka viboksi. Eti watu waone kwamba mti wa kwenye kioo sio mti. Ndivyo nilivyokuwa najisifia!

Nyumbani kwetu ni Mufindi, unashukia Nyololo halafu unaingia ndani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mianzi aliyoipanda marehemu baba. Masika mama alikuwa anagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, pale, asubuhi na jioni anapita kukata ncha za machipukizi na kutega mbeta zake, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia. Kiangazi anakaa tu chini yake, anachambua mboga, anaongea na baba. Anaongea naye kabisa, kwa Kihehe, wala haoni aibu.

Mdogo wangu akataka kuifyeka apande parachichi. Wakavutana weee! Mwisho mama akasema, "Mpigie dada yako, yeye ndiye mkubwa. Akisema ikatwe, ikatwe."

Alikuwa na uhakika nitamtetea. Mtoto wake wa kwanza, tena wa kike!

Mimi nikawaza picha. Haki ya Mungu, niliwaza picha tu: mianzi inaanguka, vumbi linapanda, jua la asubuhi linapenya. Nikamwambia mdogo wangu, "Kata, ila nisubiri nije nirekodi." Mama nikamwambia, "Usijali mama, nitaichukua yote kwanza ikiwa nzima. Utaitazama kwenye TV muda wowote."

Akasema, "Haya, mwanangu."

Nikairekodi ikiwa imesimama, nikairekodi ikianguka. Mama hakutoka ndani siku ile.

Niliporudi Mbeya laptop ilikuwa imejaa. Nikaona uvivu kutunza nakala, nikavunja video zenyewe. Kazi ikatoka kali! Kwenye maonyesho watu walisimama kuitazama, wakaniita msanii, na mimi nikapiga nao picha nikicheka.

Kisha mama akanikumbusha ahadi yangu. Sikuwa na video nyingine. Nikamtumia hiyohiyo kwenye flashi, huku najua fika.

Akapiga simu. "Kamwene, mwanangu. TV imeharibika. Mianzi inaanza vizuri halafu inakatikakatika. Nimeita fundi, anasema TV ni nzima. Hebu nitumie flashi nyingine."

"Hakuna nyingine, mama."

"Kwani hii nani kaiharibu?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Hapana mama. Makusudi. Ndiyo kazi yangu."

Halafu akasema, "Haya, ngoja nikaangalie jiko," akakata.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na hilo ndilo linalonitisha. Naamka, nakunywa chai, naenda kazini kupiga picha za harusi za watu. Sisikii kitu. Video za sanaa nimeacha, sio kwa hasira, mikono tu haitaki.

Parachichi zimeshika vizuri. Nikienda nyumbani mama ananipikia, ananiuliza habari za Mbeya, anacheka inapobidi. Ila hajaniomba tena kitu chochote, hata chumvi. Na mdogo wangu anasema mama haongei tena na baba. Alimuuliza kwa nini, akajibu, "Nikakae wapi?"

Wenzangu, kitu cha mzazi kikiwa bado kipo, usijifariji kwamba unacho kwenye simu. Na mzazi akikuachia wewe neno la mwisho mbele ya ndugu zako, ujue amechoka kukataa peke yake. Anataka umsaidie. Kataa, jamani! Kataa!