Panga Alilotuletea Baba Mdogo

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nimkataze Mama kulitumia panga jipya na kumwaibisha baba mdogo mbele ya majirani, au ninyamaze? Mdogo wangu, mimi si mzee. Nina digrii na bado nasubiri ajira hapa nyumbani Kakese. Lakini keti unisikilize kama ungemsikiliza mzee, maana hasira yangu haijapoa.

Nakumbuka jioni ile baba mdogo aliporudi kutoka sokoni Kashaulili. Alimkabidhi Mama panga hilo mbele ya watu, akatangaza kwamba kesho yake ndilo litafungua shamba jipya. Kwetu zawadi ya mkubwa huigeuzigeuzi akiwa amesimama hapo. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaipeleka ndani. Mama akapokea, akashukuru. Mimi ndiye niliyelipeleka ndani, na nilipolishika nikasikia mpini unacheza, kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bapa lilimeremeta. Ila kwenye makali kulikuwa na mstari wa rangi ya bluu. Mtu alilinoa kwa mashine mpaka chuma kikaungua.

Nikaanza kuwaza. Labda ni mkono wangu unaotetemeka. Labda mapanga mapya yote yako hivi. Labda nikisema wataniambia nimesoma mpaka nadharau zawadi. Kisha nikawaza kwa nini nawaza sana.

Asubuhi tukaenda kufyeka na majirani. Nikamvuta Mama pembeni.

"Mama, mpini unacheza. Chukua panga langu."

"Shii! Baba yako mdogo anatuangalia. Nitafyeka nalo kidogo aridhike, halafu nitaliweka."

Hakufyeka sana. Bapa lilichomoka, likaruka, likajichomeka ardhini karibu kabisa na mguu wa Mama Neema, jirani yetu, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mama akabaki ameshika mpini wa plastiki tu.

Baba mdogo akacheka. "Limekimbia kazi hilo, kama wasomi wetu!"

Wengine wakacheka kwa woga. Mama Neema hakucheka. "Shemeji, nusura nikatwe mguu, nawe unacheka?"

"Nyie wanawake mnapenda kelele. Panga ni panga tu, linahitaji kuzoeana na mkono." Akaliokota, akachomeka bapa kwenye mpini, akaanza kuzungushia kipande cha mpira wa baiskeli.

Panga ni panga tu! Mdogo wangu, usikubali maneno hayo hata yakitoka kwa mtu unayemwamkia shikamoo.

Ukienda kununua, anza na mpini. Chuma kiwe kimeingia mpaka mwisho wake, ukione pande zote mbili, na ribiti zake, ile misumari inayoubana mpini, zimepita toka upande huu hadi ule. Mpini uliofunika kila kitu usiuamini. Litikise kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akinuna, nenda kwa mwingine. Ipinde ncha kidogo, iachie, ione kama inanyooka yenyewe. Rangi na kung'aa achana navyo, huwezi kufyekea rangi.

Kunoa, tumia tupa. Lilaze panga juu ya gogo, likanyage kwenye bapa, makali yakiangalia nje, halafu sukuma tupa polepole kwa mwinamo uleule, upande huu kisha ule. Malizia kwa jiwe lililolowa maji. La kukatia miti liachie makali manene kidogo. La nyasi yawe membamba. Mashine ya haraka inaunguza chuma, kinalainika, na kwenye mti mgumu makali yanakunjika. Na kabla hujapiga pigo lolote, zunguka utazame nani yuko karibu. Tanua miguu, kata kwa mshazari kwenda nje, usikate kamwe kuelekea goti lako.

Haya alinifundisha marehemu baba. Yeye na baba mdogo walifundishwa na babu yetu, kwenye gogo moja. Kwa hiyo baba mdogo alijua, na bado akachagua lile linalong'aa ili asifiwe. Hilo ndilo lililonichemsha.

Alipomaliza kufunga mpira, akamnyooshea Mama. Na Mama, Mungu wangu, akatanguliza mikono yote miwili kulipokea tena!

Nikalidaka mimi.

Nikafungua mpira, nikachomoa bapa, nikaweka mpini juu ya jiwe, nikaupiga kwa kisogo cha shoka mpaka ukawa vipande.

"We mtoto! Unavunja zawadi yangu mbele ya watu?"

"Navunja, baba mdogo. Nitakuamkia leo, nitakuamkia na kesho. Ila hili Mama halishiki tena."

"Shule ndiyo imekufundisha hivyo?"

"Hapana. Ni baba."

Akaondoka bila kuaga, na mpaka leo anapita barabarani kana kwamba nyumba yetu haipo. Nilimpa Mama panga langu, mimi nikachukua jembe nikang'oa visiki.

Ukipewa chombo chenye makali na mkubwa wako, mdogo wangu, shukuru, kisha kikague palepale akiwa anatazama. Akikasirika, na akasirike. Mungu akutunzie mikono yako, na awatunze wote wanaofyeka karibu nawe.