Matembezi ya Kufumba Macho

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa chaki na fimbo. Nilipomwambia nataka kuwapeleka watoto wa darasa la wadogo porini wakanuse majani, alinitazama kama mtu niliyemwomba ruhusa ya kuwapeleka kilabuni.

"Porini?" akasema. "Wazazi wanawachapa wasiende porini, halafu wewe mwalimu wa misheni ndiye unawapeleka! Kuna nini cha kunusa huko ambacho hapa hakipo?"

"Hapa wananusa vumbi tu, mwalimu," nikamjibu.

Sikuwa na adabu sana siku zile. Nilikuwa msichana niliyetoka mafunzoni juzi juzi, sijaolewa, nalipwa mshahara, na katika Nyanungu ya miaka ile ya hamsini mambo hayo matatu yalitosha kuwafanya watu wasimame mbali wakikutazama. Mdomo wangu ulikuwa unatangulia na mimi nafuata nyuma. Mwalimu mkuu akaniambia nifanye nitakavyo, lakini mtoto akiumwa na nyoka nimwambie mzazi wake mimi mwenyewe. Haya, nikasema, nitamwambia. Nikatoka nikiwa na hasira.

Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa na hofu. Matembezi yale nilisema ni ya darasa zima, na kweli yalikuwa ya darasa zima, lakini nilikuwa nayapanga kwa ajili ya mtoto mmoja.

Alikuwa binti mdogo wa boma lililokuwa juu ya shule yetu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Surua ilimpata akiwa bado anabebwa mgongoni, na ilipoondoka iliondoka na macho yake yote mawili. Baba yake ndiye aliyemleta darasani, kamshika kwa ncha ya shuka kama mtu anayevuta mbuzi. "Mchukue," aliniambia. "Nyumbani anagonga vyungu tu. Kuchunga hawezi, kuteka maji hawezi, na ng'ombe wa mahari kwa huyu mimi sitawaona. Huku kwenu labda atajifunza kuimba." Alisema hivyo mtoto akiwa amesimama pale pale, anasikia kila neno.

Nilimzoea haraka. Alikuwa mbishi, nami napenda wabishi. Nikimwambia hesabu ni hivi, ananiuliza kwa nini isiwe vile. Muuguzi wa misheni aliponieleza kwamba mbali huko katikati ya nchi ipo shule ya watoto wasioona, wanasoma kwa kupapasa nukta kwa vidole, sikulala vizuri mpaka alipoandika na kujibiwa kwamba nafasi ipo. Gari la misheni lingepita mwisho wa kiangazi likipeleka wagonjwa Musoma, na mtoto angeondoka nalo, kisha aendelee na safari kutoka huko. Kilichobaki kilikuwa neno la baba yake.

Nilikwenda kwake mara nyingi. Shikamoo, marahaba, nakaribishwa maziwa, na jibu ni lile lile. "Mtu asiyeona asome nini, binti yangu? Unataka kunipotezea mtoto njiani." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana moyoni ukaenda zako. Masika yaliyopita wezi walikuwa wamemvunjia zizi usiku wakaondoka na ng'ombe karibu wote, wale ambao mwanawe mkubwa angeolea. Tangu hapo hakuwa akilala usiku. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni siku nzima. Mara ya mwisho alinyanyuka akaniambia, "Nionyeshe kwamba ndani ya kichwa kile kuna kitu. Ukinionyesha, tutazungumza."

Basi nikaamua kumwonyesha. Mtoto mwenyewe sikumwambia habari za shule ile, wala mama yake hakumwambia. Tuliogopa kumpa tumaini halafu tumnyang'anye.

Kupanga kulinichukua siku nyingi, na kila siku niligundua jambo jipya la kuniogopesha. Nilipita njia yenyewe peke yangu, kutoka shuleni hadi kwenye mkuyu ulio karibu na korongo, nikitembea polepole kama mgonjwa, nikishika kila kitu ambacho mkono wa mtoto ungeweza kushika. Palikuwa na upupu, nikaukata na kuuchoma, nikajikuna mpaka jioni. Palikuwa na minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, nikahamisha njia. Palikuwa na siafu. Nikachagua saa ambayo umande umekauka na jua halijawa kali, na wakati ambao majani yamelala baada ya mavuno, ili chui asipate pa kujificha, na kama yupo nimwone mimi kabla yeye hajatuona. Nikachana kanga yangu kuukuu vipande vipande vya kuwafunga watoto macho. Mama yangu aliponiona akaniuliza kama nimerukwa na akili. Ile kanga aliipenda kuliko mimi.

Niliwaza sana ni nini watoto wa kwetu wanakijua kwa pua na masikio. Bibi mzungu aliyetufundisha ualimu alikuwa akituletea maua ya waridi na kipande cha sabuni ya wageni tunuse. Watoto wa Nyanungu na waridi wapi na wapi! Nikaamua kuazima vibuyu vya maziwa. Kila mama kwetu hufukiza kibuyu chake kwa kijinga cha moto cha mti anaoupenda yeye, na maziwa ya kila nyumba yana harufu na ladha yake, hata mtoto mchanga hakubali ya jirani. Kisha nikaazima kengele za ng'ombe. Kila boma lina sauti yake ya kengele, na hapo ndipo nilipoweka tegemeo langu lote.

Siku ikafika. Baba yake alikuja, na fimbo yake mkononi, akakaa mbali juu ya jiwe, akasonya. Mama yake alisimama nyuma yake. Mwalimu mkuu naye akaja, eti kuangalia usalama.

Nilipowafunga macho, watoto wote wakawa wanajikwaa, wanashikana, wengine wanalia. Yule binti akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Mnakimbilia wapi?" akawaambia. "Mguu uulize kwanza, ndipo ukanyage!" Akapita mbele. Akawashika mikono mmoja mmoja, akawawekea viganja kwenye magome, akiwaambia huu mkuyu, huu mgunga, tulia, utachomwa. Mimi nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kusema. Sikuhitaji hata moja.

Kwenye vibuyu, mwalimu mkuu alikubali kufungwa macho ili watoto wafurahi, akanusa, akasema, "Tumbaku." Watoto wakapiga kelele za kucheka, maana kilikuwa kibuyu cha mke wake. Hata baba yule pale juu ya jiwe nilimwona akificha mdomo kwa mkono. Nikaanza kupumua.

Halafu kengele. Nilijificha nyuma ya kichaka nikatikisa ya kwanza, watoto wakabishana ni ya boma gani. Nikatikisa ya kwao, niliyoazimwa na mama yake. Akainua uso hapo hapo.

"Ile ni ya maksai wetu mwenye pembe iliyopinda," akasema. "Lakini hajaivaa yeye. Imevaliwa na mtu, tena mtu mwenyewe ni mwalimu, nasikia sketi yake inakwaruza majani."

Loo! Watu walicheka. Baba yake hakucheka. Alishuka kutoka kwenye jiwe, akaja akanyang'anya ile kengele mkononi mwangu bila kusema samahani. Akang'oa majani makavu, akayasokomeza ndani akaiziba kabisa, kama wezi wanavyofanya wanapoondoka na ng'ombe wa mtu, ili ulimi wa kengele usipige. Akatuashiria wote tunyamaze. Akatembea kwa kunyata mpaka ng'ambo ya korongo, mbali, na huko akaifunga shingoni mwa ndama aliyekuwa akichungwa pale, akaanza kumtembeza huku na huko. Mimi sikusikia kitu. Nakuapia, upepo tu.

Mtoto akageuza kichwa polepole. Akanyoosha kidole.

"Pale. Ni ndama, na kuna mtu mzima anamwongoza. Kengele imezibwa, lakini chuma kinagusa mfupa wa shingo." Akainamisha kichwa. "Mtu mwenyewe ni tata. Goti lake la kulia linalia."

Tata ndiyo baba kwa Kikurya. Hakuna aliyecheka sasa. Mwalimu mkuu alivua kofia yake sijui kwa nini. Na mimi, jamani, nililia. Nililia kwa furaha mbele ya watu, kwa sababu nilijua nimeshinda, nikaliona tayari gari la misheni, nikamwona mtoto wangu amekaa ndani yake na kitabu magotini.

Baba yake alivuka korongo kurudi. Alitembea haraka, karibu kukimbia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akapiga magoti mbele ya binti yake. Akamshika mikono yote miwili, yeye ambaye alikuwa akimshika kwa shuka. Akamwita "mama yangu", kama tunavyowaita binti zetu tunaowapenda. Mtoto alikuwa ameachama mdomo, anapapasa uso wa baba yake, nywele, masikio, kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku nyingi.

"Nimeona, mwalimu," akaniambia huku bado amepiga magoti. "Ulisema kuna kitu ndani ya kichwa hiki, na kweli kipo. Ahsante sana. Mungu akubariki."

"Kwa hiyo atakwenda?" nikauliza.

"Aende wapi?"

"Shuleni, mzee. Ile shule niliyokueleza." Nilisema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, halafu nikakumbuka mtoto gani huyo wa kutosikia. Nikamvuta mzee pembeni, mbali.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Binti yangu," akasema, "mimi silali tangu masika. Mbwa wanatupiwa nyama na wezi wananyamaza. Wanangu wanasinzia. Leo Mungu ananionyesha kwamba ndani ya nyumba yangu nina mtu anayesikia kengele iliyozibwa ng'ambo ya korongo, nawe unaniambia nimpandishe gari nimpeleke kwa watu nisiowajua? Hapana. Nitamjengea kijumba chake pale mlangoni mwa zizi. Hatagonga vyungu tena. Atakula kwanza, kabla ya kaka zake."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia yeye mwenyewe alisema tutazungumza. Akasema, "Si ndiyo tunazungumza?" Nilimwambia mtoto si mbwa wa kulinda. Hapo alikasirika, na mama yake mtoto, ambaye hakuwa amefungua kinywa siku nzima, akanishika mkono akanivuta.

"Acha, mwalimu," akaninong'oneza. "Hujamwona mtoto alivyofurahi?"

Nilikuwa nimemwona. Nilichukia mpaka nikashindwa kuokota vibuyu vya watu, ikabidi mwalimu mkuu avikusanye yeye, bila kunisimanga. Angenisimanga ningejisikia nafuu. Mimi ndiye niliyechagua kila hatua ya njia ile. Nilikata upupu, nikakwepa minyaa, nikachungulia chui, na sikuona kilichokuwa kimenikalia mbele. Alipokuwa hafai kitu, baba yake alimwachia aje kwangu. Nilimwonyesha anavyofaa, akamchukua.

Hakurudi tena darasani. Wiki baada ya wiki nilipita bomani kwao, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, amepakwa mafuta, amevaa shanga mpya, na ile kengele kaning'iniza shingoni. Mchana alikuwa anasinzia, kwa sababu usiku ndio ulikuwa kazi yake. Nilijaribu kumfundisha nukta kwa kokoto, kama muuguzi alivyonionyesha. Alikuwa akianza vizuri, halafu kichwa kinaanguka.

Mwisho wa kiangazi nilikuwa pale nimekaa naye, tumepanga kokoto zetu mavumbini, alipoinua uso ghafla. Mimi sikusikia kitu.

"Gari," akasema. "La misheni. Linapanda kilima, limebeba watu." Akatabasamu kwa kujua kwake. Tukangoja, na baada ya muda mrefu na mimi nikaanza kulisikia, likinguruma kule chini njia panda. Likapunguza mwendo. Likasimama, kwa maana muuguzi alikuwa bado na tumaini, nami sikuwa nimepata nguvu ya kumwambia kwamba baba amekataa.

"Limesimama," mtoto akasema. "Mwalimu, linamngoja nani?"

Nikasema halimngoji mtu, dereva anatia maji tu. Akatega sikio tena, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Hakuna anayetia maji. Wamekaa tu wanangoja."

Tukakaa hivyo, yeye akisikiliza na mimi nikishika kokoto mkononi, mpaka likaondoka.