Ufito Nilioupeleka kwa Bwana wa Mtihani

Niliondoka kwetu Bagamoyo kwa sababu mwanangu Salehe alishindwa mtihani, nami sikuelewa ameshindwaje. Akili anazo. Alikuwa dresa wa miaka mitano katika hospitali ya kwetu, anafunga vidonda, anagawa dawa, na daktari wa Kizungu akisafiri, funguo anaachiwa yeye. Akataka kwenda Uganda kusomea udaktari wenyewe. Wakamwita Dar es Salaam, wakampima kwa karatasi, akarudi mikono mitupu. Sasa ameitwa mara ya pili, na kanuni yao ni mara mbili tu. Akishindwa tena, basi, atafunga vidonda mpaka azeeke.

Nikamuuliza, "Mara ya kwanza ulimpelekea nini mwalimu wa huo mtihani?"

"Sikumpelekea kitu, baba. Kwao hakuna desturi hiyo."

Nikasema moyoni, kosa ni hilo. Mimi ni fundi wa milango. Chuoni nilisoma juzuu mbili, nikatoka. Lakini nilipokwenda kujifunza useremala, marehemu mama alimpelekea fundi wangu ufito, yaani ile zawadi apewayo fundi au mwalimu kabla hajaanza kazi na mtoto wa mtu. Asiyetoa ufito alikuwa akifagia maranda mwaka mzima, haonyeshwi kitu. Basi nikatia kikapuni kanzu ya darizi na kilemba kipya, nikafunika kwa kawa la ukili. Salehe nikamwambia nafuatana naye nikamsalimie shangazi yake Kariakoo.

Jumatatu asubuhi tulipanda lori la mzigo, tukaketi juu ya magunia ya nazi. Kufika mto Mpiji likazama matopeni, tukashuka kusukuma. Wenzetu wakamwona Salehe amesimama kando na kitabu, midomo inacheza. Mmoja akauliza, "Huyu anasoma uradi?"

"Huyu mwanangu," nikamjibu. "Anakwenda kuwa daktari."

Nilimwambia huyo, nikamwambia dereva, nikamwambia na mwanamke mmoja ambaye hakuniuliza. Salehe akaninong'oneza, "Baba, usiseme kwanza." Sikuelewa. Sasa ukiwa na mtoto kama huyu usiseme, utasema lini?

Alasiri tukaingia Kariakoo. Dada yangu Mwanaidi anakaa karibu na mtaa wa Msimbazi, anauza vitumbua. Mji ule hunichanganya kila niendapo. Nyumba zimepangwa sawasawa kama meno, mtaa huu na ule haina tofauti, na sokoni watu wanapigiana kelele nikadhani wanagombana, kumbe wanauziana mchicha. Salehe alipokwenda kuoga nikamfunulia dada kikapu.

"Kaka, Mzungu atafunga kilemba?"

"Afunge asifunge, shauri lake. Ufito utakuwa umefika."

"Ukirudi nacho nitakifunga mimi," akasema, akaendelea kupiga unga.

Jumanne asubuhi Salehe alitangulia. Nami nikachukua kikapu nikamfuata. Nikapotea Uhindini, nikajikuta Feri kwa wauza samaki, wakanirudisha upande wa Posta. Nyuma yake ndipo nilipoliona lile jumba la Serikali. Nikachungulia dirishani. Vijana wameketi mbalimbali kama waliosusiana, hakuna anayesema neno, kila mmoja anaandika. Mwalimu naye hafundishi, anatembea tu akitazama saa. Nikamwona Salehe, safu ya pili.

Mlangoni palikuwa na tarishi, mzee wa rika langu, na kofia ya kazi kichwani. Tukaamkiana. Nikampa kikapu. "Mpe bwana wa mtihani. Mwambie ni ufito wa mwanangu, aliyemo humo ndani."

Akakirudisha mikononi mwangu upesi kama kimemuunguza. "Mzee mwenzangu, unataka mwanao atolewe? Watasema ni rushwa. Mle ndani hata jina hawaandiki, wanaandika namba, ili bwana asijue nani ni nani."

"Asijue?" nikasema. "Sasa atampimaje mtu asiyejua anatoka nyumba gani?"

Mara mlango ukafunguka. Bwana mwenyewe alikuwa ametoka barazani. "Nini hiyo?" akauliza, kwa Kiswahili safi. Akafunua kawa, akaitazama kanzu, akanitazama mimi. "Una mtoto humu ndani?"

Tarishi akatazama chini. Nami nilitoka Bagamoyo kwa swali hilo hasa. Jina langu na la baba yangu nilikuwa nayo mdomoni tayari.

"Sina mtoto humu, bwana," nikasema. "Mimi mchuuzi. Nauza vilemba."

"Hapa si sokoni."

"Ndiyo, bwana. Ni mgeni, nimepotea."

Mimi, ambaye milango yangu iko Bagamoyo mpaka Sadani, nikafukuzwa kama mchuuzi. Nikaketi ng'ambo ya barabara. Adhuhuri wakatoka. Salehe akaniona, akavuka kuja kwangu. Bwana bado amesimama barazani.

"Shikamoo, baba."

Kila kijana humwita mzee baba, hilo halikuwa na neno. Lakini macho yake yalikuwa yakiuliza. "Marahaba, kijana," nikasema. "Utanunua kilemba?"

Akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Mgongo wake ule, mpaka leo nauona.

Alipofika kwa shangazi yake hakula. Nilipoingia akaniuliza, "Baba, umenikana?" Nikamweleza yote. Mwanaidi alicheka hata vitumbua vikaungua. Salehe hakucheka. Akasema, "Namba yangu ilikuwa kumi na saba."

Jumatano tulirudi kwa lori lilelile. Watu wakaniuliza huyu kijana ni nani, anakwenda wapi. Nikasema muulizeni mwenyewe. Kilemba nilimwachia Mwanaidi, naye kweli alikifunga, akatusindikiza nacho.

Nilichojifunza ni kidogo, na nusu yake bado sijaielewa. Nimejua kuwa wako watu wanaompima mtu kwa kazi ya mkono wake tu, bila kuuliza ni wa nani. Na mimi mlango wangu naupima hivyohivyo, siulizi mti umetoka shamba gani. Kwa nini kwa mwanangu nilitaka vingine, sijui.

Baada ya miezi miwili karatasi ya namba za waliofaulu ikabandikwa bomani. Herufi za Kizungu sizisomi, lakini tarakimu nazijua kwa futi ya useremala. Nikapita na kidole kutoka juu. Karani akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini hapo?"

Kidole kilikuwa kimeshafika. "Kumi na saba," nikasema.

"Ndiye nani huyo?"

Nikamjibu kwa sauti, mpaka waliokuwa uani wakageuka. "Mwanangu."